Harufu ya petroli imerudi baada ya matengenezo ya wito wa kiwandani

Abiria_wa_Mbele anauliza:

Habari zenu ndugu. Naomba msaada wa watu wanaoufahamu mfumo wa mafuta wa magari haya makubwa ya familia, kwa sababu nimefika mahali ambapo karatasi zinasema gari langu limepona na pua yangu inasema halijapona.

Gari ni SUV ya petroli yenye viti vya safu tatu. Tangi lake ni la plastiki, na pampu ya mafuta imo ndani ya tangi, chini ya kiti cha safu ya kati. Mwaka jana nilipokea barua ya mtengenezaji iliyoeleza kwamba magari ya toleo hilo yanaitwa yarudishwe kwa matengenezo, kwa kuwa mpira wa kuzibia ulio kati ya kifuniko cha pampu na mdomo wa tangi unaweza kushindwa kazi na kuruhusu petroli ivuje, jambo linaloweza kuleta moto. Kuitwa huko ndiko ninakokuita wito. Barua yenyewe haikunishangaza, maana watoto wanaokaa safu ya kati walikuwa wameshaanza kulalamika kwamba gari linanuka kama kituo cha mafuta.

Nimelipeleka gereji ya wakala mara tatu. Mara ya kwanza nilikuta vipuri havijafika, nikarudi nyumbani na ahadi. Mara ya pili, miezi minne baadaye, walibadilisha mpira pamoja na pete inayokibana kifuniko, kazi ikaisha kwa muda wa saa moja hivi, nikaambiwa niondoke bila wasiwasi. Haikupita hata wiki tatu harufu ikarudi. Mara ya tatu walikaa na gari kutwa nzima, kisha wakanirudishia likiwa na karatasi yenye maneno mawili tu: "Hakuna hitilafu." Nikiingiza namba ya chasi kwenye tovuti ya mtengenezaji, wito wangu unaonekana umekamilika, na mhudumu wa mapokezi amenieleza kwa upole kwamba nikirudi tena nitalipia uchunguzi mwenyewe.

Ninachotaka kujua ni kama harufu hii inaweza kutoka mahali pengine kabisa ambapo wito haukuhusika, na kama ninayo haki ya kudai kazi irudiwe ilhali kumbukumbu zao zinasema imekwisha. Zaidi ya yote nataka kujua kama ni salama kuendelea kulipakia watoto. Taa ya injini haijawahi kuwaka hata siku moja.

Fundi_Presha anajibu:

Ndugu Abiria, nianze na swali lako la mwisho kwa kuwa ndilo zito. Harufu peke yake inaweza kuwa mvuke, na mvuke una daraja zake. Lakini ukiona unyevu wowote, tone lolote, au doa bichi mahali gari lilipolala, usiliwashe tena, bali liite gari la kuvuta. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, na mvuke huo ni mzito mara tatu hadi nne kuliko hewa, kwa hiyo haupandi ukatoweka bali hutambaa chini na kujikusanya penye kona. Ndiyo maana hata kabla hujapata jibu la gereji, gari hilo lisilale ndani ya banda lililofungwa, hasa kama humo mna jiko, hita ya maji au kitu chochote chenye moto au cheche.

Sasa tuje kwenye chanzo. Nimefanya kazi ya mifumo ya mafuta kwa miaka mingi, na kosa ninaloliona mara kwa mara ni fundi kutafuta kipuri cha kubadilisha kabla hajajua petroli inatokea wapi. Kwenye gari kama lako kuna maeneo ambayo hayana uhusiano wowote isipokuwa kwamba yote yananuka petroli.

Lipo eneo la juu ya tangi: kifuniko cha pampu na mpira wake, mirija inayochomoza kwenye kifuniko hicho, vali za kupumulia, mpira wa shingo ya kujazia, na mpira mwembamba wa hewa unaokwenda sambamba nao. Sehemu kubwa ya eneo hili haina presha ya kutisha, lakini tangi likijaa, petroli yenyewe hufika kwenye kifuniko na kukilowesha kila gari linapokata kona au kupanda mlima.

Lipo eneo la mirija inayotoka kwenye pampu kwenda mbele. Hapa presha huwa baa tatu hadi sita hivi kutegemea injini, na ikivuja huvuja kila injini inapofanya kazi, tangi liwe limejaa au lina lita tano tu.

Halafu lipo eneo la injini. Kama nozeli zako, yaani vipulizio vya petroli, zinapuliza moja kwa moja ndani ya silinda, basi baada ya pampu ya pili presha hupanda hadi baa 150, 200, na kwenye injini nyingine hata 350. Ufa mwembamba kama unywele kwenye presha hiyo hautoi tone, unatoa ukungu, na chini yake kuna manifoldi ya moshi, yaani bomba linalopokea moshi kutoka kwenye injini, ambayo joto lake hupita kwa mbali kiwango cha kuwasha petroli bila cheche. Uvujaji wa huko mtu hapaswi kuusubiri hata dakika moja. Usiingize kamwe mkono chini ya boneti kuupapasa mrija wa presha hiyo, kwa sababu mafuta yanapenya ngozi kama sindano.

Mwisho lipo kasha la mkaa, ambalo kazi yake ni kunasa mvuke wa tangi ili injini iuvute na kuuchoma baadaye. Madereva wengi huliua wenyewe kwa kuendelea kubana mkono wa kujazia baada ya pampu ya kituo kukata, ili "kufikisha hesabu". Petroli ya ziada huingia kwenye kasha, mkaa ukalowa, na tangu hapo gari linanuka kila likijazwa ingawa hakuna kilichopasuka.

Kwa hiyo nakuomba mambo matatu kabla hujaenda kugombana na mtu. Andika harufu inatokea lini: tangi likiwa na kiasi gani, injini ikiwa inawaka au imezimwa, gari likiwa limepoa au limetoka safarini. Chomoa kijiti cha kupimia oili ukinuse, na uangalie kama kiwango kimepanda, kwani nozeli inayovujia ndani hutiririshia petroli kwenye oili. Na kama kiti cha safu ya kati kinafunguka kwa urahisi, kikunje uinue zulia utazame kifuniko cha bati kilicho juu ya pampu, mchana, milango yote ikiwa wazi, bila kuchomoa waya wowote na bila kufungua skrubu yoyote. Tazama tu.

Shahidi_wa_Pili anajibu:

Naunga mkono aliyosema Fundi, ila ningependa kuongeza jambo ambalo wamiliki wengi hatulitilii maanani: wito kukamilika na kasoro kuondoka ni vitu viwili tofauti, na hili limewahi kutokea kwa kiwango kikubwa, mbele ya macho ya wadhibiti.

Mfano wa kwanza si wa gari lako, lakini ni wa SUV na ni wa mafuta. Mwezi Novemba 2022 Ford ilitangaza wito wa Escape na Bronco Sport zenye injini ya silinda tatu ya lita 1.5, zaidi ya magari 520,000 nchini Marekani peke yake, kwa sababu nozeli zingeweza kupata ufa na kuvujisha petroli juu ya sehemu zenye joto kali. Dawa iliyotolewa haikuwa kubadilisha nozeli zote. Waliongeza programu kwenye kompyuta ya gari ili igundue presha ikishuka, na wakaweka mrija wa kuielekeza petroli iliyovuja mbali na joto. Yaani gari lilifundishwa kuvuja kwa adabu. Mwaka 2024 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ilifungua uchunguzi kuhusu utoshelevu wa dawa hiyo, na Julai 2025 kampuni ikatoa wito mpya wa magari yapatayo 694,000, yakiwemo yaliyokuwa yameshatengenezwa chini ya wito wa awali. Fikiria mmiliki ambaye karatasi yake ilisema "umekamilika" tangu mwaka 2023.

Mfano wa pili ni wa zamani kidogo. Mwezi Juni 2013 Chrysler ilikubali kuyaita magari yapatayo milioni 1.56 ya Jeep Grand Cherokee ya miaka 1993 hadi 1998 na Liberty ya 2002 hadi 2007, ambayo tangi lake liko nyuma ya ekseli na lilikuwa likitobolewa gari linapogongwa kutoka nyuma. Dawa ilikuwa chuma cha kuvutia trela kifungwe nyuma ya gari ili kipokee sehemu ya kishindo. Ubishi juu ya kama chuma hicho kinatosha haukuisha, na kasi ya matengenezo ilikuwa ndogo kiasi kwamba Julai 2015 kampuni, ikiitwa Fiat Chrysler wakati huo, ilifikia makubaliano na NHTSA ya adhabu ya dola milioni 105 kwa jinsi ilivyoshughulikia wito 23, huo ukiwa miongoni mwake.

Sisemi haya ili kukutia hofu. Nasema usikubali neno la kwenye skrini liwe ndilo ushahidi. Skrini inaonyesha kwamba hatua zilizoandikwa na kiwanda zilifanywa. Haionyeshi kwamba zilifanywa vizuri, wala kwamba hatua zenyewe zilikuwa sahihi.

Uza_Haraka anajibu:

Mimi ningeliosha, ningeweka dawa ya kunukisha gari, na kuliuza wiki hii. Maisha ni mafupi.

Abiria_wa_Mbele anajibu:

Ndugu Uza_Haraka, watakaopanda humo baadaye ni watoto wa mwenzangu. Hapana.

Fundi, nimefanya ulivyoagiza kwa muda wa siku kumi na mbili, na daftari langu linasema jambo lililo wazi kuliko nilivyotarajia. Tangi likiwa nusu au chini ya nusu, hakuna harufu kabisa, iwe asubuhi gari likiwa baridi au jioni baada ya safari ndefu. Nikijaza hadi pampu ya kituo ikate yenyewe, na sikuzidisha hata tone, harufu huja ndani ya dakika kumi, huanzia safu ya kati, na hukaa kwa kilomita themanini hivi, kisha hufifia jinsi mafuta yanavyopungua. Nimejaza mara mbili na mara zote mbili imekuwa hivyo. Oili iko kwenye kiwango chake na inanuka oili.

Leo mchana nimekunja kiti na kuinua zulia. Juu ya tangi, kuzunguka kile kifuniko cha plastiki, kuna vumbi jepesi la rangi ya majivu, kavu, lililotulia kama unga kwenye ungo. Lakini upande mmoja, ule unaoelekea mlango wa kulia, vumbi limekuwa jeusi na limeshikamana, umbo lake kama mwezi mchanga, upana wa vidole viwili. Nimegusa kwa ncha ya karatasi ya choo. Karatasi imelowa kidogo na inanuka petroli. Nimerudisha zulia, nimefungua milango, gari liko nje na sijaliwasha tena. Samahani pia, nimeandika zulia kana kwamba ni moja, kumbe ni mawili, na la chini limeanza kulainika gundi yake.

Fundi_Presha anajibu:

Basi jibu langu la kwanza limebadilika: huo si mvuke tena, ni uvujaji, na umefanya vyema kuliacha nje. Lisafirishwe kwa gari la kuvuta, lisiendeshwe.

Daftari lako limefanya kazi ambayo gereji ilipaswa kuifanya kutwa nzima ile. Harufu inayofuata kiasi cha mafuta, na si kuwaka kwa injini, inaondoa mirija ya presha kwenye orodha. Kasha la mkaa nalo haliwezi kuchora mwezi mchanga kwenye vumbi. Kinachobaki ni ule ule mpira uliobadilishwa, au mdomo wa tangi unaokalia, au kifuniko chenyewe. Na kwa kuwa doa liko upande mmoja tu, mimi naweka dau kwenye namna ulivyokalishwa.

Nieleze kwa nini, maana hapa ndipo kazi hii inapowashinda wengi. Mpira wa pampu ukikaa ndani ya petroli kwa miaka huvimba. Ukifungua kifuniko, ule wa zamani hautarudi kwenye mfereji wake hata ukiusihi, na ndiyo sababu lazima uwekwe mpya. Huo mpya nao unatakiwa ukae juu ya mdomo uliofutwa ukang'aa, kwa sababu chembe moja ya mchanga inatosha kuuinua. Halafu kifuniko kinashushwa wima huku pampu yote ikining'inia chini yake pamoja na mkono wa geji ya mafuta, na wakati wa kukishusha ni rahisi sana mpira ujikunje sehemu moja bila fundi kuona. Mwishowe pete ya kufungia inazungushwa hadi alama yake ikutane na alama ya kwenye tangi. Kuna kifaa maalumu cha kuizungusha pete hiyo kwa usawa. Fundi mwenye haraka anatumia bisibisi butu na nyundo, anagonga upande mmoja, pete inakwama kabla ya alama, na kwa macho inaonekana imekaza.

Kuhusu "Hakuna hitilafu" na taa isiyowaka, maelezo yake ni rahisi. Kompyuta ya gari hupima uvujaji wa mvuke kwa kuliwekea tangi mvuto au presha ndogo na kutazama kama inashikilia. Ikigundua tundu dogo huandika msimbo P0442, tundu dogo zaidi, la nusu milimita hivi, huandika P0456, na tundu kubwa P0455. Lakini magari mengi hayafanyi jaribio hilo tangi likiwa limejaa sana au likikaribia kuisha; kwa kawaida yanataka mafuta yawe kati ya asilimia 15 na 85. Sasa jiulize ulipolipeleka mara ya tatu lilikuwa na mafuta kiasi gani.

Abiria_wa_Mbele anajibu:

Robo tangi. Nilikuwa naogopa kulijaza.

Karani_wa_Gereji anajibu:

Nimesoma mjadala huu kwa makini kwa sababu nilikaa miaka tisa kwenye dawati la mapokezi la gereji ya wakala, upande ule wa kaunta ambao wateja wanauchukia. Naomba niseme mambo yanavyokwenda, ili ukirudi huko uzungumze lugha yao.

Kazi ya wito hulipwa na mtengenezaji kwa muda uliopangwa. Kama kiwanda kimesema mpira huo ni kazi ya dakika kadhaa, gereji italipwa dakika hizo hata kama fundi ametumia saa tatu. Sitetei haraka yao, ninaeleza inakotoka. Kazi ikishaingizwa kwenye mfumo, namba yako ya chasi hufungwa kwa wito huo, na mfumo haumruhusu karani kudai malipo mara ya pili kwa urahisi. Ndiyo maana alikuambia utalipa mwenyewe. Hakukudanganya kuhusu mfumo wake. Alichokosea ni kuuchukulia mfumo wake kuwa ndio mwisho wa wajibu wa kampuni.

Unachotakiwa kufanya ni kutoomba "wito ufanywe tena". Sema kwamba matengenezo ya wito yameshindwa, na kwamba unataka kazi hiyo ikaguliwe kama kazi iliyofanywa vibaya, chini ya dhamana ya matengenezo yenyewe. Hiyo ni njia nyingine kabisa ndani ya mfumo, na meneja wa huduma anaijua. Akikataa, mpigie mtengenezaji moja kwa moja, upewe namba ya shauri, na uombe mhandisi wao wa kiufundi alione gari au picha. Namba ya shauri hubadilisha sauti za watu kwa namna ya ajabu.

Kwenye karatasi ya kupokelea gari usikubali iandikwe "mteja analalamika harufu". Neno harufu ni mlango wa kutokea. Dai iandikwe jinsi ulivyotuandikia sisi: petroli ya majimaji imeonekana juu ya tangi, upande wa kulia wa kifuniko cha pampu, hutokea tangi likijazwa hadi pampu ya kituo ikate, mpira ulibadilishwa tarehe fulani kwa namba fulani ya wito. Omba jaribio lifanyike tangi likiwa limejaa, na liwe la moshi, yaani ile mashine inayosukuma moshi mwembamba ndani ya mfumo mafuta yakiwa yametulia, ili uonekane unapochungulia. Omba pia kipuri cha zamani ukabidhiwe, au angalau kipigwe picha kikiwa bado mahali pake kabla hakijang'olewa. Ombi hili la mwisho ndilo wasilolipenda, na ndilo lenye faida.

Kuhusu haki, inategemea sheria za mahali ulipo. Nchini Marekani, chini ya sheria ya usalama wa magari ya mwaka 1966, mtengenezaji anapaswa kuitibu kasoro ya usalama bila malipo kwa gari ambalo halijapita miaka 15 tangu liuzwe kwa mnunuzi wa kwanza, na NHTSA hupokea malalamiko ya mmiliki mmoja mmoja, yakiwemo ya matengenezo ya wito yaliyofeli. Uingereza kuna DVSA, wakala wa serikali wa viwango vya madereva na magari, ambako pia unaweza kuangalia wito kwa namba ya usajili. Popote ulipo, peleka lalamiko kwa mamlaka ya usalama wa magari hata kama gereji imekubali kukusaidia. Uchunguzi wa kitaifa hujengwa kwa karatasi kama yako, na mchunguzi hawezi kuhesabu ambacho hakikuandikwa. Na kama gari lako lilitengenezwa kwa ajili ya soko jingine tofauti na unapoishi, usitosheke na tovuti ya soko lako. Mwulize mtengenezaji kwa namba ya chasi kamili, kwa sababu wito wa soko moja si lazima uonekane kwenye soko jingine.

Tangi_Nusu anajibu:

Samahani kwa kuingilia. Gari langu lilikuwa na tatizo linalofanana, na fundi mmoja wa nje akaniambia tusijisumbue na mpira, atapaka gundi ya kuzibia pembeni ya kifuniko. Nilikubali. Ilishika miezi miwili. Je, Abiria asijaribu hiyo kwa muda?

Fundi_Presha anajibu:

Asijaribu. Gundi nyingi za gereji huyeyushwa na petroli taratibu, na vipande vyake hudondokea ndani vikaziba chujio la pampu. Zile chache zinazovumilia petroli hazikutengenezwa kubeba plastiki inayotanuka na kusinyaa. Ubaya mwingine ni kwamba umeufuta ushahidi: mtengenezaji akikuta gundi juu ya kifuniko atasema kasoro ni ya aliyepaka. Nitasema hivyo hivyo kuhusu kubadilisha mpira wa kupitishia mafuta kwa mpira wowote unaoenea. Mpira wa mafuta una daraja lake lililochapwa ubavuni. Wa R9 ni wa presha ya mifumo ya nozeli lakini ukae nje, na unaozamishwa ndani ya tangi lazima uwe wa R10, kwa sababu mpira wa kawaida ukilowa nje na ndani hulainika kama mkate kwenye chai.

Abiria_wa_Mbele anajibu:

Narudi baada ya wiki tano, kwa kuwa sipendi mijadala inayoishia hewani.

Meneja wa huduma alikataa mara ya kwanza. Nilipopata namba ya shauri kutoka kwa mtengenezaji, gari la kuvuta lilikuja siku ya pili yake bila mimi kulipa. Nilisimama pale kaunta hadi karatasi ikaandikwa kwa maneno aliyoyapanga Karani, na karani wao akaniuliza kama nimewahi kufanya kazi hiyo. Walijaza tangi, wakaweka moshi, na fundi wao, kijana mtaratibu ambaye hakuwa yule wa mara ya kwanza, akaniita nije kutazama kupitia tundu la chini ya kiti. Moshi ulikuwa unatoka mwembamba kama wa ubani, palepale penye mwezi mchanga.

Alipiga picha alama za pete kabla ya kuigusa. Alama ya pete ilikuwa haijaifikia ya tangi, ilibaki nyuma kwa upana wa kidole kidogo, na ukingoni mwa pete kulikuwa na makovu matatu ya kitu kilichogongwa kwa nyundo. Kifuniko kilipoinuliwa, mpira ulikuwa umejikunja sehemu moja ukawa kama mdomo ulionuna, na pale ulipojikunja ulikuwa na mstari mweupe unaoelekea kuchanika. Mdomo wa tangi wenyewe ulikuwa mzima. Wamebadilisha mpira, pete, na kifuniko chote pamoja na pampu, kwa sababu mhandisi wa kiwandani hakutaka kubahatisha kama kifuniko kimepinda. Moshi uliwekwa tena tangi likiwa limejaa, ukakaa ndani.

Tangu hapo nimejaza mara nne hadi pampu ikate. Nimekunja kiti kila mara, na vumbi jipya linatua kavu pande zote. Zulia la chini wamelibadilisha pia baada ya kubishana kidogo. Lalamiko langu kwa mamlaka nimelipeleka na picha zote, na nimeambiwa limepokelewa.

Jambo moja tu, Fundi: harufu ndogo ilibaki ndani ya gari kwa siku tano za kwanza, nikashtuka. Je, ni kawaida?

Fundi_Presha anajibu:

Ni kawaida, mradi imeisha. Sifongo ya kiti na zulia hunywa mvuke na kuutoa polepole. Siku tano hadi kumi, milango ikifunguliwa, hazinitishi. Ikirudi baada ya hapo usiinuse mara mbili, inua zulia. Ule mpira uliojikunja walikukabidhi?

Abiria_wa_Mbele anajibu:

Uko kwenye mfuko wa plastiki, ndani ya faili la gari, nyuma ya ile karatasi ya "Hakuna hitilafu".